Mtoto wa Kulea, Siri ya Ukoo na Kazi ya Mhakiki

Utangulizi

Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi siri ya ukoo inavyofichwa, inavyolindwa na hatimaye inavyofichuka, katika baadhi ya kazi za fasihi tunazozisoma darasani na katika mitaa tunayoishi. Mhusika ninayemfuata ni mmoja: binti aliyelelewa na watu wasiomzaa, ambaye siku moja anagundua kuwa nyumba aliyoiita kwao ina chumba ambacho hajawahi kuonyeshwa. Wahakiki wetu wamezoea kumweka mhusika huyu chini ya vichwa viwili, yaani mgogoro wa kitabaka na nafasi ya mwanamke katika jamii, kisha wakaendelea na safari yao. Sivipingi vichwa hivyo. Nadai tu kwamba havitoshi. Hoja yangu ni kwamba siri ya ukoo hufichwa kwa lugha: kwa tafsida, kwa mafumbo, na kwa majina ya udugu ambayo maana yake ni pana. Kwa hiyo anayetaka kuifichua anahitaji ujuzi uleule anaoutumia mhakiki wa fasihi.

Lazima nikiri mapema kwamba simtazami mhusika huyu kutoka mbali. Mimi mwenyewe nimelelewa Tandika, Temeke, na watu ambao hadi nilipofika miaka kumi na tisa nilijua kuwa ndio walionizaa. Msomaji anisamehe basi kama mahali fulani mhakiki na mtoto wa kulea watagongana mlangoni.

Neno lenyewe

Tuanze na istilahi, maana mambo mengi yamejificha humo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatumia neno "kuasili". Mzizi wake ni "asili", neno tulilolipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana ya shina au chanzo. Kumwasili mtoto, kwa maana hiyo, ni kumpa shina jipya: kwa amri ya mahakama, haki na wajibu wa waliomzaa hukoma na waliomwasili huchukua nafasi yao. Lakini Waswahili hao hao wana methali isemayo "Mwacha asili ni mtumwa". Hebu tazama mgongano huo! Sheria inampa mtoto asili mpya, na methali inamwonya asiiache ile ya zamani. Methali hiyo haikutungwa kwa mzaha. Kwenye pwani hii ambayo utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922 tu kwa upande wa Tanganyika, mtu asiyejulikana kwao alishukiwa kuwa mtumwa kweli, na wengi waliokuwa na asili hiyo walijitafutia majina mapya ili wajukuu wao wasiulizwe maswali.

Kamusi zetu zina neno jingine, "mtoto wa kupanga". Huko nyuma huenda lilikuwa na heshima yake, lakini mtamkie mtu wa Tandika leo uone atakavyocheka. Kwetu kupanga ni kupanga chumba. Mtoto wa kupanga atafikiriwa kuwa analipiwa kodi kila mwezi, akichelewa anatolewa vyombo nje. Neno linaloishi mitaani ni "kulea" tu: huyu kalelewa na shangazi yake, yule analelewa na bibi. Kulea hakuhitaji mahakama wala wakili. Mtoto huletwa na kifurushi cha nguo, analala, asubuhi anakunywa chai na wenzake, mambo yamekwisha.

Hapo ndipo tofauti kubwa inapoanza. Watoto wa Makao ya Taifa ya Watoto Kurasini, ambayo yako humu humu Temeke, wana faili. Mtoto aliyeasiliwa kwa amri ya mahakama ana hati. Sisi tuliolelewa majumbani faili letu ni jirani, na jirani ana mdomo.

Waya wa umeme

Nyumbani kwetu tulikuwa watoto wanne. Baba ni fundi seremala Keko, Mama aliuza vitumbua asubuhi na khanga mchana. Ukutani kulikuwa na picha ya msichana aliyevaa gauni la maua, na nikifundishwa kwamba huyo ni mama mdogo, mdogo wake Mama, aliyefariki mwaka 2001 nikiwa mchanga. Nilipouliza kafa kwa nini, Mama alisema, "Aliumwa." Watu wazima wakizungumza barazani nilisikia jingine: "Maskini, alikanyaga miwaya."

Mimi nilielewa kama nilivyosikia. Nikaamini kuwa mama mdogo alikanyaga waya wa umeme, tena kwa miaka. Mvua ikinyesha Tandika, na nyaya zikilegea juu ya mabati, nilikuwa siendi dukani hata nikitishiwa fimbo. Nilikuwa darasa la sita ndipo mwalimu wa somo la uraia alipotaja misemo ya mitaani kuhusu UKIMWI, miwaya ikiwemo, na darasa zima likacheka isipokuwa mimi.

Huo ulikuwa uchambuzi wangu wa kwanza wa tafsida, ingawa sikulijua neno hilo. Nilijua sasa ugonjwa, lakini bado sikujua kuwa unanihusu zaidi ya msiba wa mama mdogo wa kawaida.

Mwaka 2019 nilimaliza kidato cha sita nikataka kuomba mkopo wa elimu ya juu. Kila mwanafunzi anayesoma makala haya anaijua shughuli hiyo: cheti cha kuzaliwa kinatakiwa, tena kihakikiwe RITA. Mimi sikuwa nacho. Mama akawa anachelewesha. Leo kabati limepotea ufunguo, kesho mtu mwenye karatasi kasafiri. Siku zikabaki chache, nikalia, na usiku ule akanitolea bahasha ya khaki. Ndani mlikuwa na tangazo la kizazi la mwaka 2000. Jina la mama mzazi lilikuwa la yule msichana wa kwenye picha. Mahali pa jina la baba palikuwa patupu.

Nilimwuliza kwa nini alinidanganya. Akanijibu kwa utulivu ambao uliniudhi sana siku ile: "Nimekudanganya wapi? Uliniita Mama. Dada wa mama yako si mama yako?"

Sasa wanafunzi wa isimu na fasihi, tutulie hapo kidogo. Kwa sarufi ya udugu ya Kiswahili, Mama alikuwa na haki. Dada mkubwa wa mama ni mama mkubwa, mdogo wake ni mama mdogo, na wote ni mama. Yeye aliondoa kivumishi kimoja tu, "mkubwa", kisha akampachika marehemu kivumishi kingine, "mdogo". Siri ya miaka kumi na tisa ilikaa juu ya vivumishi viwili. Lugha ambazo zina neno moja la aliyekuzaa na neno jingine kabisa la dada yake zingemlazimisha aseme uongo mtupu. Kiswahili kilimpa nafasi ya kuficha bila kusema uongo wote.

Edipode na Rehema

Mtoto wa kulea maarufu kuliko wote katika fasihi ya dunia ni Edipode wa Sophocles, ambaye tunaye kwa Kiswahili tangu mwaka 1971 katika tafsiri ya Samuel Mushi, Mfalme Edipode. Tunapofundishwa tamthiliya hiyo mkazo huwa juu ya majaliwa na miungu. Ola Rotimi wa Nigeria aliuhamishia mkasa huo kwa Wayoruba katika tamthiliya iliyochezwa mara ya kwanza mwaka 1968, na huko mjadala ukawa juu ya miungu na wanadamu, nani alaumiwe. Mimi nimeisoma upya nikivutwa na jambo dogo. Polybus na Merope wa Korintho walimpenda Edipode. Walimlea kama wao. Siri yao ilivuja karamuni, kwa mdomo wa mlevi. Na Edipode alipowauliza, walimkasirikia mlevi badala ya kumjibu mtoto. Kama wangemjibu jioni ile, asingeikimbia Korintho akidhani anawakimbia wazazi wake, na asingekutana na baba yake njiani. Kwa usomaji huu, msiba wa Edipode umebebwa na upendo wa walezi kama ulivyobebwa na unabii.

Kwetu, riwaya iliyo karibu zaidi na suala hili ni Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1976. Rehema ni binti wa Fuad, mtu wa mali na wa nasaba ya Kiarabu. Rangi ya mtoto inamtia baba shaka, naye anamkataa. Mama yake anafariki, mtoto anabaki kwenye mikono isiyomtaka, mwishowe anatoroka. Anayempokea ni Sulubu, mkulima asiye na kitu. Wahakiki wamesema, na wamesema kweli, kwamba hapa kuna suala la tabaka na la ubaguzi wa rangi katika Unguja ya kabla ya Mapinduzi ya 1964. Lakini tukiilinganisha na Edipode tunaona kitu kingine. Edipode hajui baba yake ni nani, na ukweli ukipatikana hadithi imefika mwisho. Rehema anajua baba yake ni nani. Kijiji kinajua. Tatizo lake ni kwamba ukweli unaojulikana haukubaliwi, na usipokubaliwa haumpi jina, haumpi shamba, haumpi mahali pa kukaa.

Hii ndiyo tofauti ninayotaka tuiandike kwa wino mzito. Katika riwaya ya Kiswahili asili iliyofichwa ni zaidi ya fumbo la mtu mmoja anayejiuliza "mimi ni nani?" Ni suala la haki: nani atakutaja, nani atakurithisha, nani atakuozesha. Said Ahmed Mohamed analipeleka mbali zaidi katika Asali Chungu ya mwaka 1977, ambamo Dude, kijana aliyezaliwa nje ya ndoa, anaingia katika mapenzi na msichana ambaye kumbe ni ndugu yake kwa baba. Pale siri ya mtu mzima mmoja inalipwa na vijana wawili wasiojua lolote.

Siri huvujia wapi?

Kwa uzoefu wangu, na kwa kuzungumza na wenzangu kadhaa wa Temeke wenye mikasa kama huu, siri ya ukoo huvujia sehemu tatu.

Ya kwanza ni fomu, na hiyo nimeshaieleza. Babu zetu waliweza kuishi bila karatasi. Mtoto wa leo anadaiwa karatasi tangu chekechea, na karatasi haina tafsida. Cheti hakina mahali pa kuandika "mama kwa maana pana". Vyeti vyangu vya shule vilikuwa na jina la Baba, tangazo la kizazi halikuwa nalo, kwa hiyo ilibidi Mama aende kwa wakili akale kiapo kueleza kilichotokea. Nilikaa pembeni yake. Mambo aliyoshindwa kuniambia mimi miaka yote hiyo alimwambia mtu mgeni mwenye muhuri, kwa dakika kumi.

Ya pili ni msiba. Watu wakikusanyika kuzika, mzee fulani kutoka Kisarawe atakushika kichwa mbele ya kadamnasi na kusema, "Huyu ndiye yule yatima?" Tena mirathi ikifunguliwa, majina ya watoto husomwa. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa kulea si mrithi, ila mlezi anaweza kumwachia kwa wasia hadi theluthi moja ya mali. Asiyejua kuwa yeye ni wa kulea hungojea jina lake lisomwe.

Ya tatu ni ndoa, na kwetu Waislamu hii ndiyo nzito kuliko zote. Sura ya Al-Ahzab inaelekeza kuwa watoto wa kulea waitwe kwa baba zao, na kama baba hao hawajulikani basi wao ni ndugu katika dini. Kwa hiyo bibi harusi akitajwa kwenye nikaha, hutajwa kwa baba aliyemzaa. Mlezi, hata awe amekulipia ada kwa randa na msumeno, hawi walii wako kwa sababu tu alikulea. Asiye na walii huozeshwa na kadhi. Nawajua mabinti wawili waliojua asili yao wiki ya harusi, mikono ikiwa tayari na hina.

Tafsida kama ulinzi

Nimeeleza jinsi lugha inavyoficha. Haki inanidai nieleze pia kwa nini inaficha, maana ni rahisi mno kwa mhakiki kijana kuwahukumu wazee.

Mama mdogo, nimwite hivyo kwa kuwa ndivyo nilivyozoea, alifariki mwaka 2001. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bure nchini kuanzia mwaka 2004. Kwenye miaka ile mgonjwa alikuwa akifa, na watoto wake wakibaki na jina. Mtoto wa marehemu wa namna hiyo alitengewa kikombe hata kama hakuwa na ugonjwa. Mama alinieleza kuwa alinipeleka kupimwa mara mbili, akafurahi peke yake mara mbili, kisha akahamia Tandika kutoka mtaa aliokuwa anajulikana ili mimi niwe mtoto wake wa nne na maneno yaishe. Kumbe "alikanyaga miwaya" ilikuwa kejeli mdomoni mwa majirani, na "aliumwa" ilikuwa ngao mkononi mwa Mama. Tafsida mbili, marehemu mmoja, makusudi tofauti kabisa. Vitabu vyetu vya nadharia vinaiita tafsida kuwa ni kupunguza ukali wa maneno. Vingeongeza swali hili: ukali unapunguzwa kwa faida ya nani?

Tuliosoma tamthiliya ya Orodha ya Steve Reynolds sekondari tutakumbuka jinsi watu wazima wanavyohangaika ili barua aliyoiacha Furaha isisomwe mazishini. Kila mmoja anaogopa jina lake. Inaposomwa, tunakuta orodha ya mambo ambayo yangeweza kumwokoa binti yule. Tulifundishwa kuwa dhamira ni mapambano dhidi ya UKIMWI, tukaandika hivyo kwenye mtihani, tukapata alama. Leo ningeongeza kuwa Orodha inahusu pia aina mbili za usiri: usiri unaomlinda aliye dhaifu, na usiri unaowalinda waliomdhuru. Kwa nje zinafanana. Kazi ya mhakiki ni kuzitenganisha.

Na hapo narudi kwenye lile pengo la jina la baba. Mama alipoficha kuwa hakunizaa, alinilinda mimi. Alipoficha jina la mwanamume, nani alilindwa? Nilimwuliza hivyo hivyo. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Jina ninalo. Ukilitaka nitakupa. Ila ujue, ukishalipokea hutalirudisha."

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kuwa siri ya ukoo inatunzwa kwa njia za kifasihi, na kwamba kazi zetu za fasihi zina mengi ya kutueleza juu yake tukizisoma zaidi ya vichwa vya mtihani. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Mtoto kinasema mtoto ana haki ya jina, ya uraia na ya kuwajua wazazi wake wa kumzaa na ukoo wake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema kadiri inavyowezekana. Watunzi wetu walikuwa wameshalieleza jambo hilo kwa mikasa kabla sheria haijaliandika kwa vifungu.

Kuna watakaoniuliza, kwa nini niusumbue moyo wa mama mzee, ilhali nimelelewa vizuri na sikukosa kitu? Ni swali la haki, na kwa miaka kadhaa nililitumia mwenyewe kujizuia. Jibu nimelipata kwa Dude na kwa Edipode. Mwaka huu nimeposwa. Kijana ni wa Mbagala, mtu mwema, na kwao wako wengi. Huyo mwanamume ambaye jina lake halikuandikwa alikuwa na miguu, na Temeke ni kubwa lakini si kubwa kiasi hicho. Jambo ambalo darasani tunaliita kinaya cha kitamthiliya, kwangu ni jambo la kuulizia kabla mahari haijapokelewa.

Kwa hiyo nitalipokea jina hilo. Baba ameniambia kuwa siku ya nikaha atakaa palepale pa baba, kadhi aozeshe, yeye atanishika mkono kunitoa nje. Mama ameshaitoa ile picha ya gauni la maua kutoka ukumbini na kuileta chumbani kwangu. Hakuniambia neno, na mimi sikumwuliza maana yake.

Wenzangu wa Kiswahili, uwanja huu bado ni mpana. Yuko nani atakayewachambua watoto wa kulea katika ngano zetu, kwa mfano, au katika mashairi? Mwenye hoja ya kupinga niliyoyasema naye ajitokeze. Nitafurahi kusahihishwa, mradi anayenisahihisha awe amezisoma kazi hizo zote mbili: ile iliyo kitabuni, na ile iliyo nyumbani kwao.